Namba ya tarakimu milioni 41, na ile ya tarakimu 77 iliyo ndani ya simu yako

Tarehe 21 Oktoba 2024 ilitangazwa huko Marekani kwamba imepatikana namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana duniani. Ina tarakimu 41,024,320. Aliyeipata ni Luke Durant wa San Jose, California, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya Nvidia inayotengeneza chipu za kompyuta. Rekodi iliyokuwepo kabla ya hapo ilikuwa ya Desemba 2018, namba yenye tarakimu 24,862,048.

Tulipoigusia habari hii kwenye kipindi, ujumbe wa wasikilizaji ulikuja wa aina mbili. Wengi waliuliza namba kubwa hivyo inamsaidia nani. Wachache waliuliza jambo jingine, na hao ndio walionifanya niandike makala haya. Walikuwa wamesikia kwamba siri za simu hulindwa na namba tasa, wakahofu kwamba mtu akishapata iliyo kubwa kuliko zote, basi ana ufunguo wa simu zote. Mmoja ni mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa. Fedha za kikundi zipo kwenye laini yake ya simu, na wenzake walikuwa wameanza kumwambia azitoe zote zirudi sandukuni.

Jibu fupi kwa mhazini huyo ni kwamba namba hii haifungui simu ya mtu yeyote. Lakini hofu ya wenzake haikutoka hewani. Ni kweli kwamba namba tasa zimo ndani ya simu, na ni kweli kwamba fedha za vikundi zinaibwa kupitia simu. Mambo hayo mawili hayakutani pale wanapodhani.

Kwanza tuione yenyewe. Chukua maharage 12 uyapange mezani. Unaweza kuyapanga mistari 3 ya maharage 4, au mistari 2 ya maharage 6. Ongeza harage moja yawe 13, ujaribu tena. Hutapata mistari iliyo sawa hata ukipanga mpaka jioni, labda uyaweke yote kwenye mstari mmoja. Hiyo ndiyo namba tasa: haigawanyiki bila kubaki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. 2, 3, 5, 7, 11 na 13 ni namba tasa. 12 siyo, 15 siyo.

Neno lenyewe, tasa, ni zito masikioni mwa watu, kwa sababu nyumbani tunalitumia kwa mtu aliyekosa mtoto. Mimi naona waliotunga istilahi hii waliangalia upande mmoja tu. Ni kweli namba hizi hazizaliwi kwa kuzidisha nyingine, lakini namba zote zilizobaki zinazaliwa nazo: 12 ni 2 mara 2 mara 3, na 100 ni 2 mara 2 mara 5 mara 5. Kama ni ukoo, hawa ndio mababu.

Mgiriki Euclid alithibitisha miaka kama 2,300 iliyopita kwamba namba tasa haziishi. Kwa hiyo anayesema amepata iliyo kubwa kuliko zote anasema tu kwamba ni kubwa kuliko zote tunazozijua. Zipo kubwa zaidi, na hazina mwisho. Kazi ni kuzipata.

Sasa ukubwa wake. Kama ningeisoma hewani kwa mwendo wa tarakimu mbili kila sekunde, usiku na mchana, bila tangazo la vifo wala taarifa ya habari, ningemaliza baada ya siku 237. Kama ungetaka kuituma kwa ujumbe mfupi wa kawaida wa herufi 160, ungehitaji ujumbe 256,402, na nimepiga hesabu mara mbili, unajaa kamili mpaka wa mwisho. Lakini kwa njia ya mkato inaandikwa kwenye kiganja: ni 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 136,279,841, kisha utoe 1.

Umbo hilo la mbili mbili kisha kutoa moja lina sababu yake. Panga vikombe mezani. Cha kwanza weka punje 1 ya mahindi, cha pili 2, cha tatu 4, cha nne 8, cha tano 16. Kila kikombe ni mara mbili ya kilichotangulia. Jumlisha punje zote: vikombe viwili vinatoa 3, vitatu vinatoa 7, vinne vinatoa 15, vitano vinatoa 31, sita vinatoa 63, saba vinatoa 127. Katika hizo, 3, 7, 31 na 127 ni namba tasa. 15 na 63 siyo. Angalia idadi ya vikombe vilivyotoa namba tasa: 2, 3, 5, 7. Nayo ni namba tasa. Idadi ya vikombe ikigawanyika, jumla ya punje nayo inagawanyika, na hilo halina ubishi. Kinyume chake ndicho kinachodanganya. Vikombe 11 vinatoa 2,047, na ingawa 11 ni tasa, 2,047 ni 23 mara 89.

Namba za aina hii zinaitwa kwa jina la Marin Mersenne, mtawa Mfaransa aliyefariki mwaka 1648. Mwaka 1644 alichapisha orodha yake mpaka vikombe 257, akisema hizi ni tasa na hizi siyo. Alikosea mara tano: aliingiza mbili zisizo tasa, vikombe 67 na 257, na akaziacha tatu zilizo tasa, 61, 89 na 107. Ilichukua miaka 300 kuisahihisha orodha yote.

Hiyo ya vikombe 67 ina kisa kinachosimuliwa sana na watu wa hesabu. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba namba hiyo haiwezi kuwa tasa, lakini hakuweza kusema inagawanyika kwa nini. Ni kama kupima gunia ukajua limepunjwa, ila hujui aliyechota. Miaka ikapita. Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahesabu jijini New York, Frank Nelson Cole alisimama ubaoni bila kusema neno. Upande mmoja akazidisha 2 mara 67 akatoa 1, akapata 147,573,952,589,676,412,927. Upande wa pili akaandika 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha kwa mkono hatua kwa hatua. Majibu yakawa sawa. Akarudi kukaa, na ukumbi ukapiga makofi. Baadaye, inasimuliwa, alisema kazi hiyo ilimchukua Jumapili za miaka mitatu.

Kisa hicho nakitaja kwa sababu ndani yake ndimo ulipo msingi wa kufuli nyingi za kompyuta. Kuzidisha zile namba mbili ni kazi ya nusu saa kwa mwanafunzi mwenye subira. Kurudi nyuma kutoka kwenye jibu mpaka kuzipata zilizozidishwa ni kazi ya miaka. Njia ya kwenda ni mteremko, ya kurudi ni mlima.

Namba ya Durant haikupatikana kwa kujaribu kuigawanya. Kompyuta zote duniani zisingemaliza. Ilipimwa kwa kipimo kilichoanzishwa na Lucas yuleyule na kuboreshwa na Mmarekani Derrick Lehmer. Kipimo chenyewe unaweza kukifanya hapo ulipo. Tujaribu kwa 31, ile ya vikombe vitano. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe utoe 2, unapata 14. Rudia: 14 mara 14 ni 196, toa 2, inabaki 194. Hiyo imeshapita 31, basi igawanye kwa 31 ubaki na salio tu, ambalo ni 8. Rudia: 8 mara 8 ni 64, toa 2 ni 62, igawanye kwa 31 inaisha, salio sifuri. Ukipata sifuri kwenye hatua ya mwisho, namba ni tasa. Idadi ya hatua ni vikombe kutoa 2. Hapa vilikuwa vitano, hatua ni tatu.

Kwa namba ya Durant hatua ni 136,279,839, na kila hatua ni kuzidisha kwa yenyewe namba inayofika tarakimu milioni 41. Ukikosea tarakimu moja katikati, kazi yote ni bure. Yeye alitumia maelfu ya chipu za picha, zile zilizoanza kwa ajili ya michezo ya kompyuta na sasa zinaendesha akili mnemba, zikiwa katika vituo vya kompyuta vya nchi 17. Tarehe 11 Oktoba chipu moja iliyopo Dublin, Ireland, ilitoa ishara kwamba namba hii huenda ni tasa. Kesho yake nyingine iliyopo San Antonio, Texas, ilikamilisha kipimo cha Lucas na Lehmer ikapata sifuri. Ikapimwa tena na watu wengine kwa programu nyingine kabla ya kutangazwa.

Mradi aliousaidia unaitwa GIMPS, ulianzishwa mwaka 1996 na George Woltman, na yeyote mwenye kompyuta anaweza kuingia. Kwa miaka 28 ugunduzi wake ulitoka kwenye kompyuta za kawaida za watu waliokuwa wakiziacha zikihesabu usiku wakiwa wamelala. Hii ya 2024 ndiyo ya kwanza kutoka kwenye chipu za picha. Binafsi hapo nina shaka kidogo na furaha ya wenzetu, kwa sababu mchezo uliokuwa wa mtu mwenye kompyuta moja sebuleni unaelekea kuwa wa wenye uwezo wa kukodi maelfu. Zawadi ya mradi ni dola 3,000 tu, na Durant alisema ataipeleka idara ya hesabu ya shule ya sayansi na hesabu ya Alabama. Zawadi kubwa bado ipo mezani: taasisi ya Electronic Frontier Foundation imeweka dola 150,000 kwa namba tasa ya kwanza yenye tarakimu milioni 100. Hii ya sasa haijafika nusu ya njia.

Je, inasaidia nini? Kwa maana ya sokoni, hakuna. Ina sifa zinazopendeza. Ukiiandika kwa lugha ya kompyuta, ambayo ina 0 na 1 pekee, inakuwa moja tupu 136,279,841 zimepangwa mstari bila sifuri hata moja. Inazaa pia namba inayoitwa kamilifu, yaani namba ambayo ukijumlisha vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe unaipata yenyewe: 6 ni 1 na 2 na 3, 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14. Iliyozaliwa na namba hii ina tarakimu 82,048,640. Namba za Mersenne zilizo tasa zinazojulikana mpaka tangazo hilo ni 52 tu, na hakuna aliyethibitisha kama zina mwisho.

Faida inayoonekana huja kwa pembeni. Mwaka 1994 Thomas Nicely, mwalimu wa hesabu wa Marekani, alikuwa akihesabu namba tasa akaona majibu hayalingani. Kosa halikuwa lake. Chipu ya Pentium ya kampuni ya Intel ilikuwa ikigawanya vibaya, na kampuni hiyo ikalazimika kutenga dola milioni 475 kuzibadilisha. Hesabu hizi hupima kompyuta kama jembe linavyopimwa na shamba lenye mawe.

Sasa turudi kwenye simu. Namba ya Durant haifai kuwa kufuli ya mtu yeyote, na sababu ni rahisi. Kwanza ni kubwa mno, simu ingehema. Pili, kama kufuli inategemea wewe kuficha namba tasa uliyoichagua, huwezi kuchagua kati ya 52 ambazo kila mtu ana orodha yake. Kufuli za aina hiyo, zilizobuniwa na Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977, hutumia namba tasa mbili za siri zenye tarakimu kama 300 kila moja, zilizookotwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye nyingi kuliko punje zote za mchanga. Kupata namba moja kubwa zaidi hakupunguzi lolote kwenye wingi huo. Mtu akichimba kisima kirefu kuliko vyote duniani, cha kwako hakikauki.

Lakini ipo namba tasa nyingine ambayo, kama unatumia WhatsApp, umeibeba mfukoni. Si siri. Ni hii:

57896044618658097711785492504343953926634992332820282019728792003956564819949

Ina tarakimu 77, haijazi hata nusu ya ujumbe mfupi mmoja. Ni 2 ikizidishwa mara 255, kisha utoe 19. Mfumo unaoitumia ulitungwa na Daniel Bernstein karibu miaka 20 iliyopita, na kila unapoanza kuzungumza na mtu mpya kwa WhatsApp, simu zenu mbili hupiga hesabu juu ya namba hiyo.

Kuielewa kazi yake, fikiria saa ya ukutani. Ukiwa saa 10 jioni ukaongeza saa 5, husemi saa 15. Unasema saa 3 usiku. Mshale umezunguka ukaanza upya. Hesabu ya simu ni ya namna hiyo, ila saa yake haina namba 12, ina namba nyingi kama ile hapo juu. Na lazima ziwe tasa. Tazama saa ya kawaida ya 12 ukianza na 2 na kuongeza mara mbili kila hatua: 2, 4, 8, kisha 16 ambayo ni 4, kisha 8, kisha 4. Umekwama, unazunguka pale pale, na mtu anayekuvizia anajua utakapotokea. Sasa tengeneza saa ya namba 13: 2, 4, 8, 3, 6, 12, 11, 9, 5, 10, 7, 1. Imepita kila mahali kabla ya kurudi, tena kwa mpangilio usiobashirika kwa macho.

Kwa saa hiyo ya 13, mama aliye kijijini na binti yake aliye mjini wanaweza kukubaliana siri huku jirani akisikiliza kila neno. Mama anachagua hatua zake kimoyomoyo, tuseme 4. Hatua ya nne kwenye orodha ni 3, anaitaja kwa sauti: tatu. Binti amechagua hatua 5, ya tano ni 6, anaitaja: sita. Sasa mama anachukua ile 6 ya binti anaizidisha yenyewe mara nne kwenye saa ya 13, anapata 9. Binti anachukua ile 3 ya mama anaizidisha yenyewe mara tano, anapata 9. Wote wana 9, na hakuna aliyeitamka. Jirani amesikia 13, 2, 3 na 6. Kwa saa ndogo hivi atakaa na karatasi ataipata. Kwa saa kubwa vya kutosha atakaa na kompyuta zake mpaka azeeke. Hesabu iliyomo ndani ya WhatsApp ina mizunguko zaidi ya hii, lakini wazo lake ni hilo, na lilitangazwa na Diffie na Hellman mwaka 1976.

Kufuli hizi si za milele. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya aina nyingine kabisa, inayofuata kanuni za chembe ndogo za kwantamu, ingeweza kupanda ule mlima wa kurudi nyuma kwa urahisi. Kompyuta ya namna hiyo yenye ukubwa wa kutosha haijaonyeshwa hadharani, lakini Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kwanza vya kufuli zisizotegemea namba tasa kwa njia hii. Hiyo ndiyo habari ya mwaka 2024 iliyopaswa kumgusa mwenye simu kuliko namba ya Durant, na haikusikika sana. Kwa upande wako inamaanisha jambo moja: programu ya simu ikikuomba kusasishwa, isasishe, maana kufuli mpya huja kwa njia hiyo.

Na wale wanaoiba? Hawajawahi kuhitaji hesabu yoyote kati ya hizi. Mwizi wa WhatsApp hagusi ile namba ya tarakimu 77. Anaingiza namba yako ya simu kwenye simu yake, WhatsApp inakutumia wewe tarakimu 6 kwa ujumbe mfupi, naye anakupigia: samahani dada, nimekosea nikaweka namba yako, naomba unisomee hizo namba zilizoingia. Ukimsomea, amekuwa wewe. Dakika tano baadaye shangazi zako wanaombwa fedha za hospitali kwa jina lako.

Fedha za simu hazipiti kwenye WhatsApp, zina kinga zake za mtandao, lakini mlango wake ni namba ya siri ya tarakimu 4. Hapo chaguo ni 10,000 tu, kuanzia 0000 hadi 9999. Kinachokulinda ni kwamba huduma hujifunga ukikosea mara chache. Lakini ukiweka mwaka wako wa kuzaliwa, chaguo zinashuka mpaka chini ya 100, na anayekufahamu hahitaji hata 5. Ukimtajia wakala akusaidie kwa sababu miwani umeisahau nyumbani, zimeshuka mpaka 1. Mkulima mmoja wa alizeti alituambia alipokea malipo ya mavuno asubuhi, na mchana akapigiwa na mtu anayejiita wa huduma kwa wateja, anayejua mpaka kiasi kilichoingia, akimwongoza abonyeze hiki na kile ili laini isifungiwe. Mwisho wa maelekezo ulikuwa namba yake ya siri. Hakuna kufuli ya hesabu iliyovunjwa siku hiyo, ya tarakimu 77 wala ya tarakimu ngapi.

Ndiyo maana nimemshauri mhazini wetu asizitoe fedha kwa hofu ya namba ya Marekani, ila kikundi kikae kiulizane jambo jingine. Sanduku la zamani lilikuwa na kufuli tatu na funguo zilishikwa na watu watatu. Leo fedha zote ziko nyuma ya tarakimu 4 zilizo kichwani mwa mtu mmoja. Sandukuni kuna mwizi, moto na panya, kwa hiyo kurudi huko si dawa. Zipo huduma za kikundi kwenye mitandao ya simu ambazo fedha haitoki mpaka viongozi zaidi ya mmoja waidhinishe kila mmoja kwa simu yake, na hizo zinafanana na lile sanduku la kufuli tatu kuliko laini ya mhazini.

Kwa walio Tanzania, ukipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" au wa ushindi ambao hukuushiriki, usijibu; utume kwenda namba 15040 pamoja na namba ya aliyeutuma, ambayo ni njia iliyowekwa na TCRA. Kisha piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya kitambulisho cha taifa. Inafanya kazi hata kwenye kitochi. Ukikuta laini usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika waifute.